Bei ya Saa Moja, Mayai Yakitolewa

Nilikuwa nimefanya kazi ya kutengeneza matangazo na picha kwa kompyuta zaidi ya miaka kumi, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza saa yangu moja ni shilingi ngapi. Watu waliuliza bei ya kitu. Kadi ya mchango wa harusi kiasi gani, bango la duka kiasi gani, nembo kiasi gani. Nilitaja bei, mteja akashika kichwa, nikapunguza, tukakutana katikati, mambo yakaisha. Kwa hiyo siku meneja wa ofisi moja ya utalii mjini aliponiambia nimwandikie bei ya saa, nilijiona kama mwanafunzi aliyeulizwa swali la darasa la mbele.

Meneja huyo alikuwa mama wa Kilimanjaro, mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Mtu wake wa zamani alikuwa akilipwa kwa kila picha, na picha ikirekebishwa anadai tena, mpaka wakagombana kwa ajili ya tembo aliyetakiwa kusogezwa kushoto.

"Sitaki tena ugomvi wa tembo," aliniambia. "Nataka mtu wa saa kumi na tano kwa wiki, mwaka mzima. Umsogeze tembo, umrudishe, hizo ni saa zako, mimi nalipa. Nakupa wiki mbili uniletee bei."

Kazi ya mwaka mzima sikuwahi kuwa nayo. Nilirudi nyumbani Elerai nikitembea haraka kuliko kawaida.

Nyumbani tuko watatu. Mimi ndiye mkubwa. Anayenifuata ni mdogo wangu wa kiume, wakati huo akiwa mwaka wa mwisho chuoni, anasomea uhasibu. Wa mwisho ni mziwanda wetu, msichana wa kidato cha tatu. Baba alitangulia, mama akamfuata nikiwa kidato cha pili, na mimi sikurudi tena darasani. Tulianzia kule Nkoaranga, kwenye nyumba ya mama katikati ya migomba, kisha nikapanga vyumba viwili mjini ili niwe karibu na wateja na wao wawe karibu na shule. Mwenye nyumba aliniruhusu kujenga banda la kuku nyuma. Hao wawili nimewalea kwa kadi za harusi na mabango, na nawapenda kwa namna ambayo siwezi kuwaambia, kwa hiyo huwa nawafokea kuhusu viatu vilivyoachwa mlangoni.

Jioni hiyo nilimwambia mdogo wangu kwamba nafikiria elfu nne kwa saa.

"Elfu nne umeipata wapi, Dada?"

"Nimefikiria."

"Umefikiria au umeota?"

Mziwanda alicheka akapaliwa na chai. Mdogo wangu akaniuliza nauza saa ngapi kwa wiki. Nikamjibu nane kwa siku, siku sita, arobaini na nane. Akaenda kwenye begi lake, akatoa daftari jipya, akaniwekea mezani. Akasema kuanzia kesho niandike kila saa imekwenda wapi, na nisimdanganye, kwa sababu nikimdanganya ninamdanganya mtu atakayenitunza uzeeni.

Niliandika wiki nzima. Ni jambo la aibu kidogo kujisoma. Umeme ulikatika Jumanne tangu asubuhi. Jumatano nilimfuata mteja mara mbili mpaka dukani kwake, nikamkosa mara zote mbili, na mara ya pili niliiona kofia yake nyuma ya magunia. Mteja mwingine alinipigia simu kwa muda mrefu kuniambia rangi ya bluu iwe "bluu zaidi." Kulikuwa na kikao cha harusi ya binamu yetu. Kulikuwa na misiba miwili, saa tano kwa jumla. Mwisho wa wiki, saa ambazo kuna mtu aliyezilipia zilikuwa ishirini na mbili.

"Hizi ndizo ulizo nazo za kuuza," mdogo wangu alisema. "Hizo nyingine unazo tu."

Kisha tukaandika mahitaji. Yeye alianza na kodi ya serikali, juu kabisa, kabla ya unga na kodi ya nyumba. Nilikuwa na namba ya mlipakodi tangu nilipoanza kuzifanyia shule kazi, na nililipa, lakini kila awamu ya makadirio ilinijia kama mgeni asiyepiga hodi, nikakimbilia bandani kukamata kuku wa kuuza. Mdogo wangu alinieleza taratibu, bila kunidharau, na hilo nalikumbuka. Kampuni itakata asilimia tano ya kila malipo na kuipeleka serikalini kwa jina langu. Nisidhani nimeibiwa, nidai cheti changu nikitunze, kwa sababu mwisho wa mwaka inahesabiwa. Lakini nisidhani pia kwamba nimemaliza. Kinachobaki bado kuna sehemu isiyo yangu.

"Pesa ya kodi isipite mfukoni mwako kama abiria," alisema. "Iwe na kiti chake tangu mwanzo."

Alikadiria juu kwa usalama. Kodi na leseni, laki moja na themanini kwa mwezi. Nyumba, chakula, ada ya mziwanda, bando, umeme, akiba ya laptop nyingine hii ikifa, pumba za kuku, sadaka, yote laki saba. Jumla laki nane na themanini. Saa ishirini na mbili kwa wiki nne ni themanini na nane. Niliishia kidato cha pili, lakini kugawanya huko kulinishinda nguvu kwa jinsi kulivyokuwa kwepesi. Elfu kumi kamili kwa saa.

Niliona aibu kuitaja kwa sauti. Mdogo wangu hakuona aibu. Aliweka kidole kwenye mstari wa misiba.

"Hapa ndipo unapojiumiza. Saa tano kila wiki, bure. Ukiziuza, bei inashuka mpaka elfu nane na kidogo. Elfu nane inauzika, Dada. Elfu kumi atakuuliza kama unachora kwa dhahabu."

"Misiba iache."

"Sisemi usiende kuzika. Nasema hizo ratiba za mazishi unazowatengenezea wafiwa ulipwe."

"Iache," nilisema, na akaiacha, ila alipiga mstari chini yake kwa kalamu nyekundu.

Sasa nieleze kosa langu. Maisha yangu yote, sijawahi kuona mtu akiomba pesa kwa jumla tupu. Kwenye usharika wetu, mweka hazina husoma mapato na matumizi mpaka kiberiti cha jikoni. Kwenye kikao cha harusi, bajeti hupita mikononi mwa kila mjumbe, na mtu akisema tu "tunahitaji milioni nne" bila kuonyesha keki ni kiasi gani na mapambo kiasi gani, wazee hukohoa. Kwetu, kuonyesha mchanganuo ndiyo heshima. Kwa hiyo, nilipomwandikia yule mama kwamba saa yangu ni shilingi elfu kumi, niliambatisha picha ya jedwali lote la daftarini. Pumba, bando, ada, sadaka, misiba, na ule mstari mwekundu chini yake.

Nilimweleza mdogo wangu nikidhani atanisifu. Alikuwa anavua viatu, akabaki na kimoja mkononi.

"Dada. Umempelekea mteja bajeti ya nyumbani?"

"Ili aone sijamwongezea."

"Atajua tunakula nini!"

"Tunakula vizuri tu," mziwanda alisema.

Mdogo wangu alikaa kwenye kiti akafunika uso kwa mikono. "Nimesoma miaka mitatu," alisema ndani ya viganja, "hakuna mwalimu aliyewahi kutuonya juu ya hili, kwa sababu hakuna aliyewahi kulifikiria."

Kesho yake mama meneja alinipigia simu, akasema niende ofisini, basi. Sauti yake haikuonyesha chochote. Njia nzima nilikuwa nikiomboleza kazi ambayo hata sikuwa nimeipata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa." Alikuwa amelichapisha jedwali langu, amevaa miwani, na kalamu iko mkononi. "Nilikuomba bei, umeniletea kikao. Haya, tufanye kikao. Hizi pumba ni za nini?"

"Za kuku, mama."

"Wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Wanaotaga?"

"Wanane."

"Na mayai yako wapi?"

Nilidhani anataka kununua. "Yapo nyumbani, naweza kukuletea."

"Hapa!" Aligonga karatasi. "Mayai yako wapi hapa? Umeandika kuku wanakula, hujaandika wanatoa nini. Mimi nimekuwa mwenyekiti wa harusi saba, binti. Mtu akiniletea matumizi bila mapato namrudisha akakae nyuma."

Nilimwambia tunauza trei nne kwa mwezi, elfu kumi na moja kila trei, mengine tunakula. Aliandika pembeni. Akaendelea kushuka. Ada ya mziwanda hakuigusa. Kwenye sadaka alitikisa kichwa kwa kukubali. Kisha akafika kwenye mstari mwekundu.

"Misiba, saa tano kwa wiki. Nani amekufa?"

"Bado, mama. Hiyo ni ya wiki zijazo."

Alinitazama juu ya miwani, na mimi nikasikia nilichosema. Alicheka mpaka kijana wa mapokezi akachungulia. Aliposhusha pumzi nikamweleza. Watu wa kwetu mlimani wakifiwa hunitumia picha ya marehemu na wasifu wake, nami natengeneza ratiba ya mazishi. Huwa natoza karatasi na wino tu. Kazi ya mikono silipishi.

"Kwa hiyo rambirambi yako naitoa mimi?"

"Hapana, mama. Wewe utalipa saa zako kumi na tano tu. Hizo tano simuuzii mtu, ndiyo maana zinazobaki zina bei hiyo."

"Na ukiziuza?"

Ningeweza kunyamaza. "Inakuwa elfu nane na kidogo."

"Basi tumemaliza. Futa huo mstari, tuandikiane elfu nane, na hizo saa tano nazichukua mimi. Kumi na tano zinakuwa ishirini. Mwisho wa mwezi unabeba pesa nyingi kuliko ulizoniomba, mimi nalipa saa kwa bei ninayoweza kuitetea kwa wakubwa zangu. Nani ameumia?"

Niliomba mpaka Ijumaa.

Nyumbani mdogo wangu alipiga hesabu mara mbili, kwa penseli na kwa simu. Saa kumi na tano kwa elfu kumi ni laki moja na nusu kwa wiki. Ishirini kwa elfu nane ni laki na sitini. Tena za uhakika, bila kuzifuata nyuma ya magunia.

"Dada, nakuomba," alisema. Hakuwa anatania. "Ulimzika mama ukiwa mtoto. Umetulea. Hakuna anayekudai."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba hajui. Alikuwa na miaka tisa, na mambo ya siku zile niliyafanya mwenyewe bila kumweleza mtu. Nilimwambia mziwanda alete kitabu cha nyimbo cha mama. Ndani yake kuna ratiba ya mazishi, imekunjwa katikati, imekuwa laini kama kitambaa. Wote wawili wameiona mara nyingi. Mbele kuna picha ya mama akitabasamu, na begani kwake kuna mkono, vidole vinne na kipande cha shati, hauna mwenyewe.

Nikawaeleza. Asubuhi ya pili ya msiba nilitumwa kwenye duka la steshenari lililokuwa njia ya kupandia hospitali, nikiwa na sare ya shule kwa sababu ndiyo nguo yangu iliyokuwa safi, na picha ya ukutani ya baba na mama. Mwenye duka alikuwa mama mnene, mchache wa maneno. Aliiweka picha kwenye mashine, akaanza kumtoa mama pole pole, akizunguka nywele, akizunguka sikio. Alipofika begani akasimama.

"Huu mkono ni wa nani?"

"Wa baba."

"Yuko wapi?"

"Alitangulia."

"Basi tuuache ukae naye," akasema, akaupita.

Nilipomuuliza bei alitaja karatasi, akanihesabia karatasi moja moja nione. Nikauliza na kazi je. Akanijibu kwamba karatasi ni za duka, lakini mikono ni yake, na mikono ndiyo rambirambi yake. Kisha akaniuliza kama najua kukunja. Nilikunja ratiba mia moja pale kwenye benchi. Baada ya mazishi nikarudi kumshukuru, nikakuta rundo lingine, nikakunja na hilo. Ndivyo nilivyoajiriwa. Kila ninachojua kuhusu picha nilikijua kwa kuwatoa marehemu kwenye picha za harusi, pembeni ya bega la yule mama.

"Kwa hiyo si deni," nilimwambia mdogo wangu. "Hakunidai. Ndivyo kazi yenyewe nilivyofundishwa kuifanya."

Alikuwa ameishika ile ratiba. "Miaka yote nadhani ni wewe ulikosea kukata," alisema.

"Kwani mimi hukosea kukata?"

"Bajeti unakosea kutuma."

Ijumaa nilirudi kwa mama meneja. Njiani nilijizoeza maneno mengi ya heshima, na nilipokaa yote yakaruka. Nilimwambia tu kwamba namshukuru, saa kumi na tano ninazo, zile tano sina, na bei ni elfu kumi. Nilikuwa nimeshaanza kupanga ni nani nitamwomba kazi ya mabango.

Alilivuta jedwali langu kutoka kwenye droo. Lilikuwa limejaa alama za kalamu yake.

"Elfu tisa na mia tano," alisema.

"Mama, nimesema elfu..."

"Nimetoa mayai. Trei nne kwa elfu kumi na moja ni elfu arobaini na nne. Gawanya kwa saa zako themanini na nane." Alinisogezea kikokotoo. "Ni mia tano. Ulikuwa unanitoza chakula cha kuku halafu mayai unakula wewe."

Nilibonyeza. Ilikuwa mia tano kamili.

"Misiba je?"

"Misiba nimeiona. Sikuigusa." Alivua miwani. "Ila siku nyingine ukiombwa bei, lete bei. Mimi nimesoma nikacheka. Mwingine angesoma akajua unahitaji kiasi gani, akakupa kiasi hichohicho mpaka unazeeka."

Nilimwambia mdogo wangu habari zote nikiwa bado mlangoni. Alifurahia kazi kwa muda mfupi, kisha akazama kwenye mayai. Jioni nzima alikuwa akirudia. Miaka mitatu ya uhasibu, na kuku wanawika dirishani kila asubuhi, na hakuandika mayai. Mziwanda alimwekea yai la kuchemsha kwenye sahani, na mimi nilicheka mpaka nikatoka nje.

Malipo ya kwanza yalipoingia yalikuwa yamepungua ile asilimia tano, kama alivyosema. Cheti nilikidai. Kipo kwenye faili.

Kwenye mwezi wa pili wa mkataba, Jumamosi mchana, nilikuwa katikati ya saa za ofisi ile, namsogeza twiga, mzee mmoja akabisha hodi. Alikuwa ametoka Nkoaranga, na vumbi la njia lilikuwa bado kwenye suruali yake. Amefiwa na mkewe. Picha iko kwenye simu ya mjukuu, ya kipaimara, watu kumi na tano wamebanana. Nilianza kuinuka, mdogo wangu akanitangulia. Alimpa mzee kiti, akampa pole, akapokea simu.

"Ni kiasi gani, mwanangu?" mzee aliuliza.

"Karatasi tu, babu," alisema, na hakunitazama. "Nakuhesabia uone."

Akakaa kwenye laptop ya zamani, akaanza kumtoa bibi kwenye picha. Mimi ningemaliza kwa dakika ishirini. Yeye alichukua saa moja na nusu, ulimi nje.

"Dada, nimekata hereni."

"Rudi nyuma. Kuza picha kwanza."

"Nimekuza. Sasa nimekata sikio."

"Kwa mwendo huo nisingekuajiri," nilimwambia.

Mzee alilipa karatasi, na alipoondoka tukakuta ameacha parachichi tatu kwenye kiti. Mdogo wangu alifungua jedwali, akajaza mstari wa misiba, saa moja na nusu. Akafikiri kidogo. Kisha akapanda juu, kwenye mapato, chini ya mayai, akaandika: parachichi, tatu.